Tusipake Rangi Juu ya Ubao Uliooza

Ndugu wanakamati na wafadhili wapendwa,

Mwaka jana tulipaka rangi mbao za ukingo wa paa la nyumba ya parokia, tukawaandikia kuwa kazi imekamilika. Haikuwa hivyo. Baada ya masika tulizichoma kwa bisibisi, ikazama kama kwenye mkate.

Kuvu inayoozesha mbao hustawi penye unyevu. Kwa hiyo safari hii tulianza na gata lililovuja. Kisha tulikata hadi penye ubao mzima, tukaunga mbao kavu zilizotiwa dawa, na kuzipaka rangi pande zote, hasa ncha zilizokatwa, kabla ya kupigilia misumari.

Fedha zenu za kwanza zilipotea kwa haraka yetu, tunaomba radhi. Kamati nyingine, chomeni bisibisi kwanza, ndipo mnunue rangi.