Elimu kwa Umma: Mfanyakazi Mbele ya Tume ya Usuluhishi

Tanzania Bara, mfanyakazi anayeachishwa kazi isivyo halali hupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani chombo kinachopatanisha pande mbili kwanza na kutoa uamuzi upatanishi unaposhindikana, na hupaswa kulifungua ndani ya siku 30, muda unaoweza, kwa masikitiko, kuishia katika kutafuta fedha za wakili. Sheria haimlazimishi kuwa na wakili: kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi au mwakilishi aliyemchagua mwenyewe anaweza kumsemea. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, humsaidia asiye na uwezo, bila malipo, kupanga vielelezo vyake, vikiwemo mkataba, hati za mshahara na barua ya kuachishwa kazi, ambayo tarehe yake huonyesha kama siku hizo 30 zimekwishapita.