Tujifunze Kuiamuru Kompyuta

Wazazi wetu, na nyinyi vijana wenzangu,

Wengi wetu twajua kutumia kompyuta: kuandika barua, kutazama picha, kucheza gemu. Lakini ni wangapi wetu wajuao kuiamuru ifanye kazi tuitakayo sisi? Hapo wengi hunyamaza, wakidhani hiyo ni kazi ya wasomi wa chuo kikuu. Sivyo.

Kompyuta ni mtumishi asiyechoka, ila ana lugha zake. Moja ya lugha hizo, tena nyepesi kwa anayeanza, ni Python. Aliyeianzisha ni Mholanzi, Guido van Rossum, mwaka 1989 huko Amsterdam, akaitoa kwa watu 1991. Jina lenyewe si la nyoka. Alilitoa kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza.

Python ni lugha ya skripti. Yaani, waandika amri zako kwenye faili ya maandishi ya kawaida, kisha zasomwa na kutekelezwa moja baada ya nyingine. Hebu tazameni hesabu ya duka kwa siku tatu:

mauzo = [850, 1200, 640]
jumla = sum(mauzo)
print(jumla)

Mstari wa kwanza waweka mauzo, wa pili wayajumlisha, wa tatu waonyesha jibu: 2690. Kesho ukiweka mauzo ya mwaka mzima, amri ni zile zile. Na lugha hii hii hutumika kutengeneza tovuti na kuchambua takwimu za utafiti.

Lakini tahadharini. Ukiandika 8500 mahali pa 850, utapewa 10340 bila haya. Mashine hutii tu, haijui ukweli. Uangalifu na uaminifu ni juu yako wewe.

Jee, bei yake? Ni bure, haina ada ya leseni. Na ukishaiweka kwenye kompyuta, yafanya kazi hata bila intaneti. Chukueni Python 3, kwani Python 2 iliachwa rasmi mwaka 2020.

Basi kijana, usikae ukingoja kazi kubwa. Anza na daftari la duka la mzee, au michango ya chama, uiandikie amri tano. Nawe mzazi, ukimkuta mwanao mbele ya kompyuta, usimuulize tu, "Wacheza nini?" Muulize, "Leo umeiamuru nini?"