Minyoo ya Tumbo Nchini Kenya: Takwimu Zinazoishia Langoni mwa Shule

Anayetaka kujua ni Wakenya wangapi wana minyoo ya tumbo hupewa takwimu za wanafunzi. Mwaka 2012, mpango wa kitaifa wa kutoa dawa ya minyoo shuleni ulipoanza upya kwa nguvu, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa kimatibabu ya Kenya, walipima choo cha watoto katika maeneo yaliyoathirika zaidi, wakakuta takriban mmoja kati ya watatu ana minyoo. Kufikia 2015 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi karibu asilimia 16. Ni mafanikio ya kujivunia. Hata hivyo, mama wa mtoto aliyepimwa, baba yake na nyanya yake hawamo katika hesabu.

Shule zilichaguliwa kwa sababu nzuri. Watoto wako pamoja, mwalimu yupo, na kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400 hutafunwa huku foleni ikisonga. Utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer katika shule 75 za Busia, ulioanza mwaka 1998, ulionyesha kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo watoto walipotibiwa. Wataalamu wengine walipinga baadhi ya mahesabu yake, lakini utafiti huo ulichangia sana kuiingiza dawa ya minyoo shuleni.

Tatizo ni kwamba minyoo haifanani. Chango na minyoo mjeledi huingia kwa mdomo, kupitia mikono yenye udongo na mboga zisizooshwa vizuri, na huwalemea zaidi watoto. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya miguu. Mkulima anayepalilia pekupeku mahali watu wanapoendea haja vichakani huambukizwa tena na tena, na mzigo wake huweza kuongezeka hadi utu uzima. Minyoo hiyo hufyonza damu. Kwa mama mjamzito ambaye tayari amepungukiwa damu, hiyo ni hatari kubwa.

Kaunti ya Kwale ilitoa ushahidi wa wazi. Kati ya 2015 na 2017, jaribio la TUMIKIA liligawa maeneo 120 ya afya ya jamii katika makundi matatu. Dawa ilipotolewa kwa watoto pekee kupitia shule, maambukizi ya safura yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Wahudumu wa afya walipopita nyumba kwa nyumba na kumpa kila mtu dawa mara moja kwa mwaka, yalishuka kutoka 17.9 hadi 8.0. Walipopita mara mbili kwa mwaka, yalitoka 20.6 hadi 6.2.

Namna ya kupima nayo hubadilisha hesabu. Katika kipimo cha Kato-Katz, fundi wa maabara huchuja choo, hujaza tundu la kibao linalobeba miligramu 41.7, kisha huondoa kibao na kukifunika choo hicho kwa selofani iliyolowekwa katika gliserini. Mayai anayoyaona kwa hadubini huyazidisha kwa 24 ili apate idadi katika gramu moja. Gliserini hiyo hiyo inayong'arisha kielelezo huyafuta mayai ya safura: yasiposomwa ndani ya nusu saa hadi saa moja, hayaonekani tena. Slaidi zikirundikana mezani, mgonjwa huandikwa mzima.

Makosa ya aina hiyo yana athari. Shirika la Afya Duniani hushauri dawa itolewe mara moja kwa mwaka maambukizi yakifikia asilimia 20, na mara mbili yakifikia 50. Vilevile, wastani wa kaunti nzima unaweza kuwa chini ya asilimia 20 huku vijiji kadhaa vikiwa juu yake.

Mada hii inaleta mapendekezo matatu mbele ya semina. Kwanza, kila upimaji wa shuleni uambatane na sampuli ya watu wazima wa kaya za jirani, hasa wanawake wa umri wa kuzaa. Pili, matokeo yatolewe kwa ngazi ya wadi, kila aina ya minyoo kivyake. Tatu, fomu za maabara zionyeshe saa slaidi ilipotengenezwa na saa iliposomwa. Pendekezo la tatu linahitaji safu mbili tu katika fomu na linaweza kuanza mara moja. La kwanza linadai wahudumu, posho na usafiri wa nyumba kwa nyumba, na ndilo linalopaswa kupewa muda mrefu zaidi katika mjadala wa bajeti za kaunti.