Mzigo Hutuliwa kabla ya Kuanguka



Wale waliowahi kufika Mto Ugalla wakati wa kiangazi wamewaona viboko. Maji yanapobaki madimbwi, hujazana humo mchana kutwa, na asiyewajua huwaita wavivu. Kumbe ngozi yao haivumilii jua kali. Hungoja giza ndipo watoke kwenda malishoni, na alfajiri hurudi majini. Simba naye aweza kujilaza kivulini saa 20 kwa siku, kwa sababu mbio fupi za kuwinda humwishia nguvu nyingi. Wanyama hao hawangoji waanguke ndipo wapumzike.

Wazee wetu Wanyamwezi waliijua kanuni hiyo. Katika karne ya 19 mpagazi alibeba pembe za ndovu zenye uzito wa kilo 30 hivi, mbali na vyombo vyake mwenyewe, kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo. Misafara iliondoka alfajiri, na kwa kawaida jua lilipokuwa kali mizigo ilikwisha kutuliwa. Walidai siku za mapumziko, na tajiri aliyewakatalia aliweza kuachwa njiani pamoja na bidhaa zake. Wageni wengi waliwaandika kuwa ni wakaidi. Sisi twaona walifahamu mwili wa binadamu. (Hatuisifu biashara ile: watumwa nao walipitishwa njia hiyo hiyo, na wao hawakuulizwa kama wamechoka.) Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 wapagazi walikamatwa kwa nguvu kubeba mizigo ya majeshi. Hapo hapakuwa na kudai pumziko, na maelfu walikufa kwa uchovu, njaa na maradhi.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma, na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Lakini kibarua wa tumbaku hukesha akichochea moto wa bani usiku baada ya usiku, na asubuhi anaitwa shambani. Nasi tulio humu hatuna budi kukiri la kwetu: tumekaa katika semina za haki huku nyumbani tumemwacha binti wa kazi, anayeamka kabla yetu na kulala baada yetu, Jumapili ikiwemo.

Basi kabla ya mkutano ujao wa jumuiya, kila mwenye nyumba amwulize binti huyo ni siku gani angependa iwe yake, na jibu alete.