Malipo ya Mshauri wa Ruzuku na Uhuru wa Vikundi vya Kwale

Ninalotetea katika mada hii ni jambo moja: kikundi cha kijamii hapa Kwale, kiwe cha wavuvi wa Msambweni au cha akina mama wa Diani, kisimlipe mshauri kwa asilimia ya ruzuku atakayosaidia kuipata. Kimlipe ada ya kazi iliyokubaliwa mapema, na wanakikundi wawili au watatu wakae naye tangu ukurasa wa kwanza. Suala hili limekuwa zito zaidi sasa. Uchimbaji wa titani wa Base Titanium, kampuni iliyokuwa ikigharimia karo na miradi ya afya, ulikoma Desemba 2024. Mwaka uliofuata Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID. Wafadhili wamepungua, waombaji ni wale wale, na anayeahidi fedha za haraka husikilizwa kuliko zamani.

Andiko zuri la mradi hutoka katika kumbukumbu za kikundi, si katika ufasaha wa mwandishi. Ushahidi uko Gazi. Tangu 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja vimekuwa vikiuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko ya hekta 117 hivi, kama tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yameleta maji na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta. Tuzo hiyo husifiwa sana, ila kilichoitangulia hakitajwi: watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walikuwa wakipanda na kupima mikoko ya ghuba hiyo tangu miaka ya 1990. Vipimo vilikuwepo kabla ya mnunuzi. Hata leo mradi hauna budi kutoa ripoti kila mwaka chini ya Plan Vivo, kiwango cha kuthibitisha miradi ya hewa ya ukaa, na ripoti hiyo haiandikiki bila watu wanaoujua msitu. Wakazi wa vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu walipoanzisha mradi wao wa mikoko mwaka 2019, walifuata njia hiyo hiyo.

Itasemwa kwamba si kila kikundi kina watafiti jirani. Ni kweli, lakini kila kikundi kinaweza kuwa na daftari la mikopo lisilo na mapengo, kumbukumbu za vikao zilizotiwa sahihi, na hesabu ya samaki wanaopokelewa bandarini. Hayo hayanunuliwi kwa mshauri. Na akiyakosa, atalazimika kuyabuni.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini: kikundi hakina fedha za kulipa mapema, na asilimia humfanya mshauri abebe hasara pamoja nacho. Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hajui hali ya vikundi vyetu. Lakini fedha za ruzuku huja zikiwa zimegawanywa katika vifungu vya bajeti, na kwa kawaida hakuna kifungu cha fungu la mshauri. Fungu hilo hufichwa basi ndani ya mafuta, semina au vifaa, na mweka hazina hutafuta risiti za kuliziba. Siku ya ukaguzi anayeulizwa ni yeye, mshauri ameshaondoka. Tena anayelipwa kwa asilimia huvutwa kuomba kiasi kikubwa kuliko uwezo wa kikundi. Ndiyo sababu chama cha Marekani cha waandishi wa maombi ya ruzuku, Grant Professionals Association, kinakataza malipo ya aina hiyo katika kanuni zake za maadili. Kwa kikundi kisicho na kitu, ni afadhali ada ndogo inayolipwa kwa awamu kutokana na michango ya wanachama, kwa ombi dogo la kuanzia.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, nayo inayataka mashirika yaliyosajiliwa chini yake yatunze hesabu zinazokaguliwa. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vikundi: kabla ya kutia sahihi, mwambieni mshauri aandike ada yake kwa shilingi na majina ya wanakikundi atakaoandika nao. Akikataa lolote kati ya hayo mawili, mtafute mwingine.