Siku 30: namna ya kukata rufaa, na pahali inaishia

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu, Baraka

Kamati iliniomba niongee juu ya rufaa, ile wengi tunaita apeli. Mimi si avoka. Niko mtu wa terrain, natembea vijijini na faili za mashamba. Nitasema yale sheria inaandika na yale niliyoona kwa macho yangu.

Naanza na mama mmoja, memba kama ninyi. Alirudi kutoka Tanzania, akakuta shamba la marehemu mume wake liko mikononi mwa mtu mwingine. Alienda Tripaix, akashindwa. Baada ya muda, wisiye wa tribinali akamletea hukumu nyumbani, akatia sahihi. Siku ya 12 nilipita kwake kwa kazi ingine. Akaniambia: «Mtoto wangu, unisomee hii karatasi.» Nilikuwa na haraka ya kumaliza liste ya mbegu. Nikamjibu: «Mama, tutaangalia nikirudi.» Nilirudi siku ya 41. Muda wote huo alikuwa anangoja vitu viwili: franga kutoka kwa mtoto wake aliye Marekani, na jibu la mjomba aliyesema anajua mkubwa mmoja huko Kinshasa. Mtoto naye alimtumia sauti kwa simu: «Mama, usikubali, mupeleke kesi federali, huko juu hawali rushwa.»

Hiyo neno «federali» nimeisikia mara nyingi, kwa sababu ndugu zetu wengi walitoka Nyarugusu wakaenda Marekani. Tuieleze vizuri, maana inapoteza watu.

Marekani ni nchi ya shirikisho, na mahakama ziko kama ngazi mbili zilizosimama moja kando ya ingine. Kila jimbo kati ya majimbo 50 liko na ngazi yake. Serikali ya shirikisho nayo iko na yake: mahakama 94 za wilaya chini, mahakama 13 za rufaa katikati, na Mahakama Kuu ya Washington yenye majaji 9 juu. Kesi ya shamba kati ya majirani kwa kawaida inaanza kwenye ngazi ya jimbo na inaishia huko huko. Huwezi kuruka kwenda ngazi ya pili kwa sababu tu umeshindwa. Kesi ya jimbo inaweza kufika Washington ikiwa ndani yake kuko swali la katiba au la sheria ya shirikisho, na hata hapo majaji wenyewe ndio wanachagua kesi gani watasikiliza. Na huko pia siku zinahesabiwa: kesi ya madai kwenye mahakama za shirikisho, muda wa kawaida wa kutangaza rufaa ni siku 30.

Sisi Kongo tuko na mikoa 26, lakini ngazi ya mahakama za kawaida ni moja tu. Chini kuko Tripaix, halafu TGI, halafu Cour d'appel, na juu kabisa Cour de cassation, Kinshasa. Hakuna mahakama ya mkoa upande mmoja na ya taifa upande mwingine. Kwa hiyo «kupeleka federali» kwetu haiko.

Swali la kujiuliza ni hili: kesi yangu ilianzia wapi? Sheria ya mwaka 2013 inasema mabishano ya ardhi ya desturi, yale ya mashamba yetu mengi, yanaanzia Tripaix. Rufaa yake inaenda TGI. Kwa sisi wa Fizi, ni Uvira. Parsela yenye cheti cha kuandikishwa, kesi inaanzia TGI, na rufaa inaenda Cour d'appel. Kesi inasikilizwa mara mbili, basi. Ukitoka Tripaix ukashindwa tena TGI, hautaenda Cour d'appel. Kumebaki Kinshasa tu. Na Cour de cassation haiulizi shamba ni la nani. Inaangalia kama majaji walifuata sheria. Muda wake ni miezi 3 tangu uletewe hukumu, na gharama yake ni mzigo mkubwa kwa mkulima.

Ndiyo maana ile rufaa ya kwanza ndiyo ya maana. Pale jaji anaangalia kesi yote upya: mashahidi, karatasi, mipaka. Hapo tunapita hata Marekani, kwa sababu mahakama yao ya rufaa kwa kawaida inasoma tu yale yaliyoandikwa chini, haisikilizi mashahidi upya.

Sasa siku. Kesi ya madai, kama ulikuwa mbele ya jaji, uko na siku 30, kuanzia siku ulipoletewa hukumu. Kesi ya penale, mfano umeshitakiwa kwamba uliharibu mazao ya mtu, ni siku 10 tu, na kama ulikuwepo zinaanza siku hukumu inasomwa. Wengi wetu tunashitakiwa penale juu ya shamba bila kujua tofauti, tunasema «niko na mwezi», kumbe siku zimekwisha.

Kuko pia wale waliohukumiwa wakiwa kambini, hawakuitika hata siku moja. Msikate tamaa kwa kuona tarehe ya zamani juu ya karatasi. Mtu aliyehukumiwa bila kuwepo iko na njia ya kupinga mbele ya tribinali ile ile, ndani ya siku 15 tangu hukumu itiwe mikononi mwake. Siku 30 za rufaa zinaanza njia hiyo ikifungwa. Leteni karatasi, avoka aangalie iliwafikia siku gani na kwa namna gani.

Rufaa inatangazwa kwa grefye wa mahakama ya juu. Unaenda wewe, au avoka, au mtu uliyempa procuration. Unapaswa kutoa kopi rasmi ya hukumu, yenye sahihi ya grefye na muhuri. Fotokopi ya kawaida haitoshi. Nimeona watu wenye haki wanakataliwa kwa kukosa hiyo kopi, kesi haikuguswa hata.

Ukikata rufaa ndani ya muda, hukumu inasimama kwanza, isipokuwa jaji aliandika itekelezwe mara moja. Hapo unaomba mahakama ya rufaa izuie.

Mambo mawili tena. Karatasi ya shefu wa groupement si hukumu ya tribinali. Haina rufaa, kama haukubali, unafungua kesi Tripaix. Na la pili: aliyeshinda akikuambia «tuelewane kwanza, sisi ni ndugu», mwelewane, ni vizuri. Lakini tangaza rufaa kwanza. Unaweza kuiondoa mkisha kupatana. Siku zikipita, hautakuwa tena na kitu cha kuongelea.

Kwa asiye na uwezo, kuko cheti cha umaskini cha kuomba asamehewe gharama za tribinali, na barreau ya maavoka iko na ofisi ya ushauri wa bure. Lakini vyote hivi vinakula siku.

Kwa marafiki wanaotusaidia: franga kidogo ndani ya wiki ya kwanza, za kopi rasmi na transport ya kufika Uvira, zinafanya kazi kuliko pesa nyingi za avoka mwezi wa tatu. Naomba kasa itenge kitu kwa ajili hiyo, hata kama ni kidogo.

Na kwenu wamemba: siku wisiye anagonga mlango, andikeni tarehe nyuma ya karatasi, mulete kwa kamati wiki ile ile. Asiyejua kusoma asione haya. Haya ni yangu mimi, niliyesoma na sikusoma.

Yule mama leo analima shamba la kukodi, na lile la mume wake analiona kila asubuhi akipita njiani. Aliniruhusu niseme habari yake. Aliniambia: «Uwaambie, wasingoje.»