Kuishi kwa Bajeti Wakati Ajira Imekoma

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za maendeleo za sharika)

 

Nimeombwa niseme juu ya matumizi ya fedha kwa mtu asiye na kazi. Somo hili huwa tunawapa vijana waliomaliza shule. Leo sizungumzii vijana. Nawazungumzia wenye umri wa miaka thelathini na tano, arobaini na tano, wenye watoto shuleni, ambao walikuwa na mshahara na sasa hawana. Mwaka 2020 tuliwaona wengi huku kaskazini. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000, na madereva, wapishi na wahudumu wa hoteli wakarudishwa nyumbani. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, kwanza kwa siku 90, na miradi mingi haikufunguliwa tena. Safari hii waliorudi nyumbani walikuwa wauguzi, watunza takwimu na washauri nasaha wa miradi ya afya. Wengine ni washarika wetu. Wamekaa safu ya pili Jumapili, na wengine hawakai tena.

Nianze na haki, maana kuna fedha watu wanaiacha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mtu aliyepunguzwa kazini, akiwa ametumikia angalau mwaka mmoja, kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Akiona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo zinapita haraka mno kwa mtu ambaye bado hajamwambia mkewe. Tena lipo fao la kukosa ajira la NSSF: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia miezi 18 au zaidi, ambaye hajafika miaka 55. Anayejiuzulu mwenyewe halipati. Kwa hiyo mwajiri akikuambia "andika tu barua ya kuacha kazi, tusisumbuane", kalamu iweke chini kwanza.

Sasa tufanye hesabu ubaoni. Chukueni mfano wa baba aliyekuwa na mshahara wa 780,000, ambao baada ya makato ulimfikia kama 645,000. Ametumikia miaka sita. Kwa siku ni kama 30,000, hivyo siku saba ni 210,000, mara sita ni 1,260,000. Fao la NSSF ni kama 260,000 kwa mwezi. Nyumba hii ikiendelea kula 645,000 kila mwezi, kiinua mgongo chote kitakwisha katika mwezi wa nne. Ikishuka mpaka 300,000 kwa mwezi, fedha ile ile inafika zaidi ya miezi tisa. Miezi kama sita ya nyongeza ni nafasi ya kutafuta kazi bila kukimbilia mikopo.

Na mikopo ndiyo inayoua. Mnaijua kausha damu, na mnaijua ile ya kwenye simu inayotuma ujumbe kwa shemeji na mchungaji wako kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kumtangazia mtu deni lake kwa jamaa zake ni kumvua nguo barabarani. Asiye na kipato asikope kwa ajili ya chakula, hata VICOBA. VICOBA abaki nayo kwa sababu nyingine: anunue hisa moja tu kwa wiki, asitoke, maana mfuko wa jamii utamshika mkono akipata msiba, na kikao cha kila wiki kinampa sababu ya kuoga na kuvaa shati.

Kuna ushauri mwingine ambao mimi siupendi kabisa, nao unatolewa na watu wema: "Chukua kiinua mgongo ununue bodaboda." Mhasibu wa miaka kumi na tano hawi mfanyabiashara wa pikipiki ndani ya wiki mbili. Fedha hiyo iachwe benki miezi mitatu ya kwanza. Akitaka kujaribu biashara, aanze na ile ambayo ikifa, nyumba haifi.

Kushuka mpaka 300,000 kunawezekana, ila si kwa kubana sukari tu. Akina mama hapa wanajua zaidi yangu. Mafuta ya kupimiwa kwenye kifuko kila jioni ni ghali kuliko dumu. Mahindi yanunuliwe wakati wa mavuno, nyumba tatu zikigawana gunia. Maharage yalowekwe usiku, yachemshwe kidogo, kisha sufuria iingie kwenye kapu lililojazwa matambara au majani makavu ya migomba. Yataiva yenyewe na mkaa unabaki. King'amuzi kisimame. Mambo haya ni mepesi.

Jambo zito ni shule. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na kidato cha tano na sita ziliongezwa mwaka 2022. Hata hivyo wazazi wengi wanauza shamba kabla ya kumhamisha mtoto kutoka shule ya Kiingereza, kwa sababu ya sare. Majirani watamwona asubuhi amevaa sare nyingine, na siri imetoka. Mtoto anaweza kuhimili kuhama, hasa akiambiwa ukweli mapema, kabla muhula haujaanza. Kinachomuumiza ni kurudishwa nyumbani katikati ya muhula kwa kudaiwa ada. Mzazi akifika kwenu na swali hili, msimwambie "Mungu atafungua njia" mkaishia hapo. Mmoja wenu aende naye kwa mwalimu mkuu.

Furaha nayo iingie kwenye bajeti. Najua wengine mnashangaa. Nimeona bajeti nyingi zilizoandikwa kwa uchungu, hazina hata chai ya maziwa, na zote zilikufa kabla ya wiki ya tatu, kisha mtu akatumia laki moja kwa siku moja kwa hasira. Afadhali 10,000 kwa mwezi ziandikwe wazi: chapati za Jumamosi, nyama robo siku ya kuzaliwa mtoto. Mengine hayana bei. Kwaya inahitaji sauti, na kikundi cha tarumbeta kinahitaji pumzi. Drafti chini ya mwembe ni vifuniko vya soda na ubao. Baba anayepanda mlimani na watoto wake Jumapili mchana kwenda kumsalimia bibi, wakarudi na mkungu wa ndizi, amewapa watoto siku ambayo alipokuwa na mshahara hakuwa na nafasi ya kuwapa. Ila drafti isianze saa tatu asubuhi. Asubuhi ni ya kutafuta kazi.

Sasa nizungumze nasi wenyewe, kamati na mabaraza ya wazee. Mtu akipoteza kazi, kinachomtoa kanisani haraka ni bahasha. Aliahidi mwezi wa kwanza, alipokuwa na mshahara. Sasa jina lake linasomwa, na mahali pengine linabandikwa ukutani, kwamba hajamaliza ahadi. Mnada wa mavuno ukianza nje, anapita nyuma ya jengo kama mwizi. Halafu sisi tunaandika kwenye taarifa kwamba mahudhurio yameshuka. Napendekeza mambo haya kwa kila usharika. Mtunza hazina na mchungaji wapewe mamlaka ya kusimamisha ahadi ya mtu aliyepoteza kipato, kimya kimya, bila kupita kikaoni. Majina yasisomwe wala kubandikwa. Kamati za harusi na za kuaga binti ziache kutuma kadi yenye kiwango cha chini kwa nyumba hizo. Ziwaombe wakapike, wakapange viti, wakaongoze wageni, na wakae meza ile ile na waliotoa laki mbili.

Kwa wafadhili wetu niseme kwa ufupi. Mmezoea kupokea kutoka kwetu maombi ya visima na madarasa. Kumsaidia mtu kufuatilia fao lake NSSF kunagharimu nauli, nakala za barua na siku mbili za mtu anayejua fomu. Ni fedha ndogo, na haina jengo la kupiga picha. Tutawaandikia kuhusu hilo robo ijayo.

Karatasi ya hesabu niliyoifanya ubaoni iko pale mlangoni, chukueni nakala mbili kwa kila usharika. Tunywe chai, kisha tuanze maswali.